Jina la Bampa Laini

Hapo zamani, na wala msidhani ni ile zamani ya sungura kumdanganya fisi, ni zamani ya juzijuzi tu, pikapu zilipokuwa zinateremsha ndizi kutoka Tukuyu kwenda Kyela, palikuwa na fundi wa kuchomelea aitwaye Ambakisye. Gereji yake ilikuwa kando ya barabara, pale mteremko unapoanza, na kazi yake ilikuwa moja tu: mabampa. Alikuwa na binti, Sekela, mwenye mkono mzuri wa kuandika kwa brashi. Baba anachomelea, binti anaandika, maana bampa la pale haliondoki bila jina.

Sikilizeni kwanza desturi yao, msije mkanikatiza baadaye. Mteja alipewa nyundo nzito, akaligonga bampa jipya kwa nguvu zake zote. Likilia ngeee, analichukua. Likibonyea hata kidogo, analiacha palepale, na habari zinafika Kyela kabla yake. Bampa likishashinda nyundo, Sekela analiandika jina moja, moja tu, la mtu ambaye bampa la aina hiyo limetokana naye. Na kila bampa la aina hiyo litakalofuata litabeba jina lilelile miaka yote. Madereva walifika wakasema, "Nifungie Mwaipopo," kama wewe unavyoagiza soda.

Bampa gumu kuliko yote Ambakisye alilitengeneza kwa chuma cha reli, akampa mkwewe Gwakisa, mume wa Sekela. Gwakisa alikuwa dereva, mcheshi, mtu wa kupiga honi mara tatu akikaribia kwake. Sekela alimpenda, sina sababu ya kuzungukazunguka. Aliujua mlio wa pikapu yake tangu kona ya mbali, na kabla honi haijalia maji ya chai yalikuwa yameshabandikwa.

Asubuhi moja ya ukungu breki ziligoma. Pikapu ikaenda moja kwa moja kwenye nguzo ya daraja, na Gwakisa akafia kwenye usukani.

Watu walipofika walikuta nini? Bampa halina mkunjo. Taa zote mbili nzima. Kioo kizima. Mtu tu ndiye hakuwa mzima. Na huko msibani kwenyewe, watu wanashika sahani za wali, wanamwambia mjane: "Pole sana, dada. Lakini lile bampa, jamani!" Mwezi haujaisha, madereva saba wamekuja kuagiza la namna hiyo. Nawaona mnatikisa vichwa. Mngekuwepo, mngekuwa wa nane.

Sekela aliendelea kupika chai ya vikombe viwili. Anakunywa kimoja, cha pili kinapoa, anakimwaga kwenye migomba. Kila pikapu ikipita mkono wake unasimama, brashi inadondosha rangi chini. Alimtamani mumewe, harufu ya shati lake la dizeli na ndizi mbivu, hata ule ubishi wake wa kutokubali kuvua viatu mlangoni. Mwaka ukapita na hamu ile haikupungua hata punje.

Siku moja akamwambia baba yake, "Baba, lile bampa halikukunjika."

"Halikukunjika, mwanangu."

"Na nguzo ya daraja haikukunjika."

"Haikukunjika."

"Sasa kile kishindo kilikwenda wapi?"

Mzee alizima mashine. Alijua kilikokwenda, na yeye ndiye aliyekifungulia njia. Wiki nzima hakuchomelea kitu, na kila dereva aliyetaka bampa la reli akaambiwa chuma kimekwisha.

Mama mkwe wa Sekela, Bi Subilaga, yule aliyemzaa Gwakisa, alikuwa muuza mayai. Mayai yake yalisafiri mpaka Mbeya juu ya magunia ya viazi, barabara ina mashimo ya kuzamisha mbuzi, na hayakuvunjika. Wenzake walimwonea wivu, siri yake hakuitoa. Ila mkwe ni mkwe. Sekela alipokwenda kumsaidia kupanga tenga, akaona mama anavingirisha majani makavu ya mgomba kuwa vibomba vidogo, anavisimamisha kuzunguka mayai.

"Mama, mbona hushindilii majani yakakaza?"

"Nikishindilia nitauza uji wa mayai," akacheka. "Kinacholinda ni hilo tundu la katikati. Gari likiruka, kibomba kinajikunja, kinakufa taratibu badala ya yai. Nikifika Mbeya natupa majani, nauza mayai."

Sekela alisimama na yai mkononi. Kisha akakimbia mpaka gereji, na yai lenyewe akaenda nalo.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Ambakisye alikata bati jembamba, akalikunja kuwa mabomba matupu, akayapanga nyuma ya uso mwepesi wa bampa. Akayajaribu kwa kuyaangushia gogo. Yale ya kwanza yalipinda kando kama mlevi, gogo likapita. Ya pili yalipasuka. Ya tatu akayatia mikato midogo ya msumeno kuzunguka pande zote, ili yajue pa kujikunjia. Gogo likaanguka, mabomba yakajikunja pindo juu ya pindo, kama mkono wa sweta unapousukuma juu, na gogo likatua taratibu. Mzee akakaa chini juu ya vumbi la chuma, akalia. Binti yake alikuwa hajawahi kumwona akilia, hata msibani.

Haya, bampa tayari. Akaja mteja, akapewa nyundo. Akagonga: bwee! Likabonyea. Akacheka, akaenda zake. Akaja wa pili, akagonga: bwee! Likabonyea. "Mzee, siku hizi unafinyanga sufuria?" Akaja wa tatu, huyo hata hakugonga, alikuwa ameshasikia. Gereji ikanyamaza, kuku wa jirani wakaanza kutagia ndani ya ndoo za rangi.

Sasa Gwakisa alikuwa na mdogo wake, Lusajo, aliyefanana naye kwa sura, kwa kimo, mpaka kwa mwendo. Lusajo ndiye aliyeirithi ile pikapu, si mnakumbuka ilibaki nzima? Alikuja mchana mmoja wa gulio, barabara imejaa madereva, akasema, "Mzee, vua hilo la chuma cha reli. Nifungie hilo laini."

"Ulipeleke wapi?"

"Pale." Akanyoosha kidole kwenye ukuta wa ghala bovu la kahawa.

"Basi gari tuliteremshe bila mtu, tulijaze mawe," akasema mzee.

"Mawe yakitoka mazima nani atashangaa?" akasema Lusajo. Likafungwa. Akapanda, akajikaza kwa mkanda, akateremka kwa mwendo uleule wa gari lisilo na breki. Akina mama wakafunika macho. Bampa likajikunja lote, boneti ikafuata, maji ya rejeta yakamwagika. Halafu mlango ukasukumwa, akatoka mtu mrefu, mdomo unavuja damu, anatembea kwa miguu yake.

"Gwakisa!" Sekela alipiga kelele. Alimkimbilia mikono wazi, akamfikia, ndipo akaona. Mikono ikaanguka. Lusajo alimsikia, na watu wote walimsikia.

Kuanzia siku hiyo madereva walipanga foleni. Likatengenezwa bampa la kwanza la kuuzwa, likafungwa kwenye pikapu iliyobeba ndizi zinazosubiriwa Kyela. Kilichobaki ni jina. Sekela alichovya brashi, na kabla hajauliza mtu, mkono wake ulikuwa umeshajua unachotaka kuandika. Alitaka jina la mumewe lipite tena barabarani. Alitaka asikie pikapu, ainue macho, aone GWAKISA inakuja kutoka konani, leo na kesho na mwaka ujao. Hilo tu. Mtu akifiwa hataki makuu.

"Ngoja, mwanangu," akasema Ambakisye. "Sijawahi kuomba jina langu liandikwe popote. Leo naomba. Mimi ndiye niliyekunja hayo mabomba, mimi niliyetia mikato. Lakini si kwa sababu hiyo. Lile la reli lipo, na kila mtu anajua nani alilitengeneza. Nikifa nikiwa na lile peke yake, nitakuwa mtu aliyemuua mkwewe. Niandike, nipate la kulifidia lile."

"Shemeji, ngoja," akasema Lusajo. "Mabomba yalikuwepo, watu wakayacheka. Mimi ndiye niliyeyatilia kifua. Nilitoka mle nikiwa hai, na wewe ukaniita jina la marehemu. Sikulaumu. Lakini tangu azikwe hakuna anayeniona mimi, kila mtu ananitazama akimtafuta yeye. Niandike mara moja tu, watu wajue kwamba aliyetoka ni Lusajo."

Sekela akamgeukia mama mkwe, akitumaini. Mama hawezi kukataa jina la mwanawe.

"Mama, mimi nataka kuandika Gwakisa."

Bi Subilaga aliweka tenga lake chini.

"Hili bampa kazi yake nini, mwanangu?"

"Kugongwa, mama. Kukunjika ili mtu apone."

"Kila likigongwa, kinachotangulia kupondeka ni nini?"

Sekela aliitazama sehemu ile ya mbele, iliyosuguliwa ikasubiri rangi.

"Ni jina," akasema mama. "Mwanangu aligongwa mara moja. Mnataka agongwe kila gulio? Niokote kipande chake kando ya barabara, kimeandikwa Gwa, kimekatika? Siwezi. Na yule ni mume wako, najua, hamu yako naiona, hata mimi nasikiliza honi. Siri ya vibomba ni yangu, hilo hamkatai. Basi andika Subilaga. Mimi ndiye niliyepaswa kuwa mbele yake siku ile. Acha nigongwe mimi."

Ambakisye aliinamisha kichwa. Lusajo alitazama pembeni. Dereva wa ndizi, asiyejua lolote, alikuwa ameshawasha gari. "Dada, andika basi, jua linaniivishia mzigo!"

Haya, wenzangu, msinitazame mimi. Jina ni moja, na likiandikwa leo litaandikwa miaka yote. Yupo mzee aliyelitengeneza, anayetaka kusamehewa. Yupo kijana aliyeliamini kwa mwili wake, anayetaka kuonekana. Yupo mama aliyetoa siri yake, anayetaka kusimama mbele ya mwanawe japo kachelewa. Yupo marehemu, ambaye asingekufa hakuna ambaye angeuliza kishindo kilikwenda wapi. Na yupo mwanamke aliyeuliza, ambaye jina lake mwenyewe wala halikumjia kichwani, anayetaka tu kuinua macho akaona herufi saba zikija kutoka konani. Brashi ameinyanyua, rangi inaanza kuganda, gari linanguruma.

Je, ingekuwa ni mkono wako, ungemwandika nani?