Laptopu Isiyojua Mpira

Basi palikuwa na Siajabu, msusi wa Ngamiani, roho inataka laptopu na pochi haina kitu. Akaingia dukani kwa tajiri Mbwana, yule anayeapa kabla hujamuuliza. Mbwana akaifunika haraka laptopu iliyokuwa mbele yake.

"Karibu, dada. Ile ya bei kali pale inacheza gemu zote."

"Gemu? Usinitajie, kaka. Mume wangu mgonjwa wa gemu, akianza hata kula hali. Nataka ya kuandikia kadi za harusi na kuangalia filamu, isiyoweza gemu kabisa."

Mbwana akaona biashara ya chapchap. "Chukua hii yangu. Haki ya Mungu, hata gemu ya karata haiwezi."

"Na ikiweza?"

"Ikiweza ondoka nayo bure, wateja wote hawa mashahidi."

Wateja wakaitikia. Siajabu akaifunua laptopu, na wachezaji wakaanza kukimbia kwenye kioo.

"Malizia gemu yako ya mpira, kaka. Nilikuchungulia dirishani, umeshafungwa matatu."

Mbwana akauliza, "Sasa na mumeo, mgonjwa wa gemu?"

"Mume ninaye wapi? Mgonjwa mwenyewe ni mimi," akasema Siajabu, akaibeba laptopu na chaja yake.