Eda ya Mwanatumu Pono

Sogeeni, kaeni vizuri, mchanga huu hauna mwenyewe. Zamani msingekaa hapa. Ufuo wote ulikuwa jiwe kali, na pono, huyu samaki mnayemjua kwa mdomo wa kasuku, alikuwa na vijino laini vya kula mwani tu.

Enzi hizo aliishi Mwanatumu, mke mkubwa katika nyumba ya pono yenye wake wengi. Alikuwa wa rangi ya udongo kama majike wenzake. Wa kijani alikuwa mume wao, na ndiye aliyelinda malisho yao kwenye matumbawe. Siku moja chewa akammeza. Msiba ukaja na msiba mwingine mgongoni, kwa maana sheria ya mwambani ilisema nyumba isiyo na dume haina malisho.

Hata matanga hayajaanuliwa, Kangaja, samaki wa mwamba wa jirani, naye mla mwani, akafika. Alitoa pole, tena pole ndefu, huku macho yakipima mwani.

"Shemeji," akasema, "kaa eda yako kwa raha. Ukitoka, mtahama."

"Na watoto niende nao wapi?"

"Bahari kubwa, shemeji."

Maneno gani hayo ya kumwambia mfiwa! Mwanatumu akaingia pangoni, akajitemea ute, akajifunika gubigubi kwa utando mwembamba kama shela, kwani mjane haonekani ovyo. Alimlilia mumewe, kisha akawalilia wanawe, ambao bado walikuwa wadogo kama punje za mchele. Mishi, mke mdogo, alimletea mwani, ila kila siku ulipungua, maana Kangaja alishaanza kujilia.

"Wape watoto, mdogo wangu," Mwanatumu akamwambia. "Mimi usiniletee tena."

Njaa ikambana, akauma ukuta wa pango. Meno yakavunjika, yakaota upya yameshikana, magumu kama koleo. Akatafuna jiwe, akameza, na kilichotoka nyuma kikawa unga mweupe. Mawimbi yakauchukua hadi ufuoni. Mwili ukapanuka. Rangi ya udongo ikamtoka, ikaja kijani, ikaja buluu, na mwenyewe akadhani anaumwa.

Eda ikaisha. Kangaja akaja na ukoo mzima, matumbo matupu. Utando ukapasuka, likatoka dume la kutisha.

"Mwenye nyumba yuko wapi?" Kangaja akauliza, sauti imepungua.

"Ndiye mimi, shemeji."

Waliondoka bila kuaga. Mishi akalia kwa furaha, na msimu ule nyumba ile ikataga mayai hadi maji yakawa meupe.

Na tangu siku hiyo pono hutafuna mwamba, na akilala hujifunika shela la ute. Dume akifa, hakuna jirani anayekuja kupima malisho. Wanangoja tu kuona jike yupi atageuka kijani. Nanyi mnaocheka huko nyuma, huo mchanga mnaoukalia ni mlo wa mjane aliyekataa kuhama.