Msiri Ajitosa Rasini

Nitegeeni masikio, wenzangu, hadithi ndiyo hii. Bi Mwanakheri alipanda rasi ya mawe makali na jogoo, mbuzi na mbwa wake Msiri, kumsihi jini wa bahari amrudishie bintiye aliyezama.

"Roho kwa roho," jini akanguruma.

Akampa jogoo, jini akakataa. Akampa mbuzi, akakataa.

"Basi nichukue mimi!"

"Mtoto atalelewa na nani? Nataka yule akupendaye."

Mwanakheri akamkumbatia mbwa. "Huyu hapana!"

Msiri akamlamba machozi, akachomoka mikononi, akajitosa. Wimbi likamtema binti, mzima, anatetemeka.

"Mama, mbona unalia nami nimerudi?"

Mwanakheri akamfunika kanga, wakashuka. Njia nzima aligeuka nyuma akipiga mluzi, na hakuna kilichobweka.