Kindi Aliyegonga Kibanda cha Kiboko

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na milango, mafiga na majirani wa kuwasema, palikuwa na Kindi mmoja aliyeishi kwa shangazi yake. Mnacheka nini? Ninyi hamjawahi kuishi kwa shangazi. Ngojeni.

Shangazi huyo alikaa kwenye mgunga, mti wenye miiba kila mahali na sisimizi katikati ya miiba. Kindi akigeuka usingizini, chomo! Akikaa kitako, chomo!

"Mwanangu, umekula tena?" shangazi aliuliza kila asubuhi.

"Nimeonja tu, shangazi."

"Mamako naye alikuwa hivyohivyo, wa kuonja. Mungu amrehemu."

Kwa Kindi, pale hapakuwa kwao. Kwao kulikuwa kwenye mkuyu mkubwa kando ya mto, ndani ya tundu lililotobolewa na kigogota enzi za bibi yake. Humo mama yake alimzaa, humo alimfundisha kumenya makuyu, na humo mama alifia kwa uzee wake. Mvua ikinyesha, tundu lile lilivuma, buuu, buuu, kama mtu anayepuliza mdomo wa mtungi. Kindi hakupata kulala vizuri kwa sauti nyingine yoyote.

Siku moja, angali akiishi humo, alirudi kutoka kutafuta chakula, akatazama juu, akaona mbingu. Mbingu tupu, pale palipokuwa na mti! Chini kisiki kilikuwa kinatiririka utomvu mweupe kama maziwa, na njia ya magogo yaliyoburutwa imeelekea bondeni. Hakulia. Kulia kunasimamisha mti? Akaenda kwa shangazi, akakaa juu ya miiba, akawa kila jioni anatazama upande wa mto.

"Unatazama nini huko?"

"Kwetu."

"Kwenu hakupo tena, mtoto wewe."

"Najua. Ndiyo maana natazama."

Basi aliyeukata mkuyu ni fundi Ndovu, na aliyemtuma ni Mzee Kiboko. Kiboko alikuwa na bustani ya matikiti kando ya mto, na ngozi isiyopatana na jua. Tena alikuwa anakoroma. Mkewe, Mama Kiboko, alivumilia hadi akachoka, akamwambia, "Mume wangu, heshima yako naijua, lakini nenda kakoromee kwingine." Ndipo Kiboko akataka kibanda cha magogo katikati ya bustani, kidogo tu, chenye kivuli, cha kulalia mchana.

Ndovu akajenga. Akalaza gogo juu ya gogo, akayachonga yashikane kwenye pembe, akaziba nyufa kwa udongo na nyasi, akaezeka paa. Kibanda kikasimama. Lakini Kiboko hakuingia.

Hakuingia kwa sababu nchi ile ilikuwa na desturi yake: nyumba mpya haiingiwi mpaka igongwe. Huitwa mgongaji, asiye na undugu na mwenye nyumba wala na fundi, naye huligonga kila gogo, ngo ngo ngo, huku anasikiliza. Kosa atakalolitaja lazima litengenezwe. Akisema "Ingieni," fundi hula karamu yake pale kizingitini, na fundi akishakula, neno la mgongaji halirudishwi tena, hata kama nyumba itawaangukia.

Na mgongaji mwenyewe hulishwa. Hapo ndipo Kiboko alipoumwa tumbo.

"Tumwite Nyati," Ndovu alisema.

"Nyati? Atamaliza bustani nzima!"

"Fisi je?"

"Fisi atakula na mlango. Niambie, fundi, nani anakula kidogo?"

Ndivyo Kindi alivyoitwa. Uchoyo wa Kiboko ulimtafuta hadi kwa shangazi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti. Una undugu nami?" Kiboko aliuliza, kinywa wazi kama ghala.

"Kwa mwili huu?"

"Na huyu fundi je?"

"Pua zetu zinafanana?"

Kwa-kwa-kwa! Wakacheka mpaka matikiti yakatikisika. Undugu na magogo hakuna aliyeuliza.

Kindi akaanza kazi, na aliifanya kwelikweli. Wajukuu zangu, mwongo mvivu hukamatwa mapema. Akapanda ukuta, paraparapara. Ngo, ngo. "Hili zima." Ngo, ngo. "Hili nalo zima." Akapenyeza ukucha kwenye pembe. "Magogo yameshikana vizuri, fundi. Hata sisimizi hapa atapita ubavu."

Ndovu akapepea masikio kwa furaha.

Kindi akaruka juu ya paa. "Hapa nyasi chache. Masika yakija, yatamdondokea Mzee puani."

"Nilimwambia!" Kiboko akanguruma.

"Uliniambia lini? Ulikuwa umelala!"

"Hata nikilala naona!"

Kindi akafungua mlango. Kriiii! "Mlango unakwaruza chini, fundi, uchonge kidogo. Na haya magogo ya chini kabisa umeyalaza juu ya udongo mtupu. Yatilie mawe, mchwa hawabishi hodi."

Ndovu akatengeneza, mdomo umemvimba. Kindi akaenda ukuta wa nyuma. Ngo, ngo. Zima. Ngo, ngo. Zima. Akagonga gogo la katikati.

Buuu.

Mkia wake ukaanguka. Akagonga tena, polepole. Buuu. Akazunguka, akaliona tundu. Akatia kichwa, akatia mabega, akapotea mzima mzima.

Ndani palikuwa vilevile, ila pamelala ubavu. Alama za meno yake ya utotoni zilikuwepo, pale alipokuwa akiyanoa na kuchapwa kwa kuyanoa. Kwenye ufa mmoja palinasa nywele za kijivu. Akazinusa. Hakuzitoa.

"Binti!" Kiboko alipiga kelele nje. "Umefia humo?"

"Nakagua!"

"Unakagua nini muda wote huo?"

"Kina!"

Ndovu akasogeza jicho lake kubwa kwenye tundu. "Mzee, huyu mgongaji analia."

"Vumbi, fundi. Umeacha vumbi jingi."

Alipokuwa anatoka, ukucha wake ukalikwaruza gome. Tone jeupe likachungulia. Kindi akalionja. Utomvu! Gogo lilikuwa bado hai. Na mkuyu, nadhani mnajua ulivyo mbishi: ukisimamisha kipande chake kibichi ardhini, ukakipa maji, kitakuonyesha majani. Kindi alijua. Ndovu hakujua, maana kazi yake ni kung'oa, na mwenye kung'oa hangoji kuona kinachoota.

Kindi akapangusa uso, akashuka chini.

"Wazee wangu, nyumba nzuri. Ila ina kosa moja kubwa."

"Wapi?" wote wawili wakaruka. Ardhi ikatetemeka.

"Gogo hili lenye tundu. Mmelisikia linavyovuma? Gogo lenye sauti halilazwi ukutani, husimamishwa. Liwe nguzo ya pembe. Upande wa shina uwe chini, liingie ardhini mpaka gotini kwa fundi. Na msilichune gome."

"Nakataa!" Ndovu akasema. "Nguzo huchunwa gome. Tena hii bado mbichi, itajipinda. Nimejenga mimi kabla bibi yako hajazaliwa!"

Kindi akapiga hesabu upesi. Gogo likibaki ukutani, litakauka, na kwao kutakufa mara ya pili.

"Kweli, fundi," akasema taratibu. "Tena ni zito sana. Nilisahau umechoka. Mzee, mwite Kifaru aje alisimamishe."

"Kifaru!" Ndovu akapiga mkonga kama baragumu, paaaa! "Kifaru hawezi kusimamisha hata mkia wake! Ondokeni hapo!"

Akalichomoa gogo, kwaa! Akachimba shimo kwenye pembe, akalisimamisha, gubu! Akashindilia kwa miguu, ndi, ndi, ndi! Pengo la ukutani akaliziba kwa gogo lililokuwa limebaki. Alipomaliza alikuwa anahema, lakini anajiona.

"Sasa lisijipinde wala lisipasuke," Kindi akamwambia Kiboko, "kila siku ulipe maji."

Kiboko akakunja uso wote, na ule si uso mdogo. "Gogo linywe maji? Binti, usinifanye mtoto."

"Mzee wangu, wewe ukishinda juani bila maji, ngozi inakuwaje?"

"Inakauka."

"Halafu?"

"Inapasuka! Acha kabisa, mwanangu, inauma hiyo!"

"Basi na gogo hili ni mtu wa mtoni kama wewe."

Kiboko akaligeukia gogo. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumhurumia mwingine. "Maskini," akasema. "Kumbe unapata tabu hivi na hunung'uniki." Akateremka mtoni, akajaza mashavu, akarudi. Fyuuuu!

"Ingieni," Kindi akasema.

Ndovu akala karamu yake kizingitini, matikiti na maganda yake. Kindi akapewa kipande, akamenya mbegu chache, kingine kikamshinda. Kiboko akafurahi mno kwa kupata mgongaji wa bei nafuu.

Kindi akarudi kwenye miiba. Kila siku akawa anakuja kwenye ua wa bustani.

"Mzee, umelinywesha?"

"Nimelinywesha, binti. Leo limekunywa sana."

Hakulikaribia tundu. Lilikuwa pale pale mbele yake, lakini hakulikaribia. Alijisemea, likikataa kuota, afadhali nisiwe nimezoea tena. Akawa anatazama gome tu, anaondoka.

Masika yakafika.

"Kindi!" Kiboko aliita kutoka kibandani. "Nguzo inanitekenya!"

"Inakushukuru, Mzee."

"Kuna jani limeniingia puani!"

"Hilo pambo. Nyumba ngapi zina pambo?"

Kiboko akaona kweli, akalala. Lakini chini yake mizizi ilikuwa inatafuta njia, na juu yake matawi yalikuwa yanatafuta njia, na katikati amelala yeye. Mchana mmoja, kra, kra, kraaa! Sakafu ikavimba. Paa likanyanyuka kama kofia ya mtu anayesalimia. Mlango ukafunguka wenyewe, kriiii, na Mzee Kiboko akabingirika nje, gubu gubu gubu, mpaka kwenye matikiti. Pwaa!

"Ndovuuu!"

Ndovu akaja mbio. "Kuna nini?"

"Nyumba yako imekwenda juu!"

"Mbona ina majani? Umeifanyaje?"

"Nimeinywesha!"

"Nani hunywesha nyumba?"

Wakatazamana. Polepole, kama ule mlango, akili zao zikafunguka.

"Kindiii!"

"Naam, wazee wangu." Alikuwa tayari juu ya tawi.

"Wewe una undugu na nani?"

"Na gogo. Mama alinizaa humo. Hamkuniuliza."

Ndovu akauzungushia mti mkonga, tayari kuung'oa. Kindi akainama kutoka tawini.

"Fundi, ulikula karamu?"

"Nilikula."

"Neno la mgongaji linarudishwa?"

Ndovu akauachia mti, mkonga ukaning'inia kama kamba ya kisima kikavu. Mwacha mila, hata mwenye nguvu, watoto humzomea.

"Mimi sikula!" Kiboko akafoka. "Mimi nauvunja!"

Akarudi nyuma apate kasi. Ndipo Mama Kiboko akatoa kichwa mtoni.

"Wewe mwanamume! Ulitaka magogo au ulitaka kivuli?"

Kiboko akasimama. Akatazama juu: majani. Akatazama chini: kivuli, kimemfunika kuanzia pua hadi mkia. Jua la mchana lilikuwa linawaka kila mahali isipokuwa juu yake.

"Kivuli," akasema kwa sauti ndogo.

"Basi lala, na sisi tupumzike."

Akalala. Krrrooo!

Siku ile Kindi hakurudi kwenye mgunga. Shangazi aliuliza habari zake mara moja, kisha akajitandaza. Jioni mvua ikaja, na Kindi akaingia tunduni. Sasa lilikuwa limesimama, kama zamani. Buuu, likavuma. Buuu. Akafumba macho.

Akatega sikio. Alikuwa anangoja kucha kwenye gome, kwaru kwaru, jinsi mama alivyokuwa akirudi mvua inaponyesha, amelowa, analalamika, na kuyu kinywani. Mvua ikanyesha mpaka ikaisha. Gome likanyamaza. Chini ni Kiboko tu, anakoroma.

Kindi akakusanya majani makavu, akatandika upande wake tu, wa mama akauacha.

Nami nimefika kizingitini, ndani siingii. Ninyi shikeni hili moja: ujanja hurudisha nyumba, haurudishi mwenye nyumba.