Sufuria Mbili za Mwalimu Ambakisye

"Sufuria mbili hazifunikwi kwa kifuniko kimoja." Mmeisikia kwa babu yenu, mkaja mbio kuniuliza imetoka wapi. Haikutoka mbali, wajukuu zangu. Ilizaliwa uani hapa hapa, na ilikuwa hivi.

Enzi hizo babu yenu Ambakisye alikuwa mwalimu hapa Tukuyu, na kila Jumamosi alipika kwenye harusi za watu kwa malipo. Mkono wake ulikuwa na baraka. Mimi nilimpendea pilau kwanza, sura ilifuata baadaye. Wapishi wenzake walipokwenda kulipa kodi, yeye alicheka: "Mimi mshahara wangu hukatwa kabla sijaushika. Nimeshamaliza."

Basi asubuhi ya harusi ya binti wa jirani, akaingia ofisa wa kodi, dada mmoja mpole aitwaye Sekela. Akasema biashara haijasajiliwa, na jiko litafungwa mpaka mwenyewe aende ofisini kufanyiwa makadirio. Wageni walikuwa njiani, na bi harusi yule nilimlea mgongoni mwangu.

Babu yenu akatoa karatasi ya mshahara. "Dada, tazama, nimekatwa!"

"Hiyo ni ya ualimu, mwalimu. Hii ni ya upishi."

"Si mtu ni yule yule mmoja?"

Nikaona ubishi wake utatuvunjia harusi. Pilau ilikuwa imepaliwa, makaa yanawaka juu ya kifuniko. Sufuria ya wali mweupe nayo ilikuwa tayari kupaliwa. Nikatwaa kitambaa, nikashika kifuniko cha pilau.

Akaruka. "Mama Tupo! Ukifunua sasa itabaki na kiini, haitaiva!"

"Nataka kufunika wali."

"Wali una kifuniko chake!"

"Cha nini, mume wangu? Si mpishi ni yule yule mmoja?"

Akaikunja karatasi ya mshahara, akaitia mfukoni. Sekela alicheka mpaka akatafuta kigoda akae.

"Dada," babu yenu akasema kwa sauti ya chini, "niache nilishe harusi hii. Jumatatu nitakuja."

"Nitakusubiri, mwalimu."

Harusi ikaliwa, ikashibwa. Jumatatu akavaa shati lake la kanisani, nami nikamsindikiza, maana alikuwa anaogopa, maskini. Tangu hapo, mwajiriwa yeyote mwenye kibiashara chake akimwambia ameshakatwa kodi kazini, babu yenu hujikohoza, akamtazama, na kumwambia kana kwamba ameitunga mwenyewe: "Sufuria mbili hazifunikwi kwa kifuniko kimoja."