Pindo la Zulia la Zarkani

Paukwa!
Pakawa!
Paukwa mchanga!
Pakawa kisima!
Mmekaa?
Tumekaa, tushushie!

Hapo kale paliondokea ndugu wawili wa kike, Zaina na Mwanamvua, watoto wa msusi mikeka. Zaina, yule mkubwa, akaolewa na mchuuzi wa chumvi, akapandishwa ngamia, akapelekwa jangwani. Mwaka ukapita, kimya. Kumi ikapita, kimya. Thelathini ikapita, kimya. Mama yao alipokuwa anakata roho, akamshika Mwanamvua mkono. "Mwanangu, mtafute dada yako. Akiwa hai, mrudishe. Akiwa kafa, kamsomee dua kaburini."

Mwanamvua akafunga kibwebwe, akafuatana na msafara. Akaenda, akaenda, akaendaaa! Siku ya arobaini akaona kuta za udongo mwekundu. Zarkani hiyo, mji wa kale, mji wa mafundi. Jamani, mji ule! Hata kata za kisimani zilitiwa nakshi.

Akaingia mtaa wa wafua shaba. Ta! Ta! Ta!

"Hodi, jamani! Mwamjua Zaina, mke wa mchuuzi wa chumvi?"

"Hatumjui, mama."

Akaingia mtaa wa washona ngozi.

"Hatumjui, mama. Ila wachuuzi wa chumvi wengi walikufa mwaka wa ndui."

Akaingia mtaa wa wafuma mazulia. Hapo akamkuta tajiri mmoja, Sarhani, wateja wamemzunguka, zulia jekundu limetandazwa mbele yao.

Mwanamvua akatazama pindo. Akatazama tena. Mama yao alikuwa mtu wa mkono wa shoto, na pindo la mikeka yake lililala upande ambao msusi mwingine halazi. Ndivyo alivyowafundisha wanawe. Na pindo la zulia lile lililala vivyo hivyo.

"Bwana, nani kalifuma hili?"

"Mzee mmoja. Kashakufa," Sarhani akajibu bila kumtazama.

Mbona aseme uongo? Kwa sababu fundi wa namna ile alimtajirisha, naye alimficha ndani, wengine wasimjue. Lakini njia ya mwongo ni fupi.

Mwanamvua akavuta pumzi. "Maskini! Basi kafa kabla ya kulimaliza. Pindo hili halijafungwa. Litafumuka lote, na wa kulifunga ni aliyelifuma tu."

Wateja wakatazamana. Mmoja akaanza kuvaa viatu vyake. Jasho likamtoka Sarhani.

"Kafa nani? Nani kasema kafa? Zaina! We Zaina! Njoo ufunge pindo!"

Pazia likasogea. Akatoka mwanamke mwembamba, anapapasa ukuta, macho yamefifia kwa kufuma gizani.

"Pindo gani, bwana? Mbona nimelifunga?"

"Dada," Mwanamvua akaita.

Zaina akasimama pale pale. "Usinifanyie mzaha, mama. Mume wangu alipokufa, bwana huyu aliniambia ndui imemaliza na watu wa kwetu. Sina wa kuniita dada."

"Ni mimi, Mwanamvua."

Zaina akanyoosha mkono. Akampapasa paji. Akampapasa pua. Akampapasa kidevu, akakuta kovu.

"Hapa uliangukia kinu," akanong'ona. "Nikachapwa mimi, kwa kutokuangalia."

Wakakumbatiana, wakalia, na wafua shaba waliokuja kuchungulia wakalia nao. Wazee wa mtaa wakamgeukia Sarhani. "Umemzika mtu angali hai!" Wakalikunja zulia, wakampa Zaina.

Safari ikaanza, lakini miguu ya Zaina ilikwisha kukakamaa kwa kukaa. Hatua tatu, akasimama. Hatua tatu, akasimama. Mwanamvua akachutama mbele yake.

"Panda."

"Utu uzima huu? Watu watatucheka!"

"Na wacheke. Wewe ulinibeba mgongoni mpaka nikaota meno yote."

Zaina akacheka, akapanda. Wakapita mtaa wa ngozi, wakapita mtaa wa shaba, nyundo zikanyamaza kuwapisha. Karibu na lango, walikongoja ngamia, Zaina akalaza shavu begani mwa mdogo wake.

"Mama hajambo?"

"Alikungoja, dada. Alikungoja sana."

Zaina akaelewa. Bega likalowa. Mwanamvua akakaza mikono, asimwangushe, akaendelea kutembea.

Hadithi yangu imefika kwao, na mimi naenda kwangu. Penye utamu chukueni nyie, penye chumvi niachieni mimi.