Kapu la Bi Namkunda

"Ukirudishiwa kandambili, uliza maji yalilala wapi."

Ndivyo baba yenu alivyomwambia Nakijwa asubuhi, alipomwona anapokea mfuniko wa ndoo kutoka kwa jirani wa chini, anasema ahsante na kugeuka zake. Nanyi mmekuja mbio kuniuliza maneno hayo yametoka wapi. Hayakutoka mbali. Methali hii ilianzia hapa hapa mtaani kwetu Kwemvuo, na mimi nilikuwepo, tena nilikuwa miongoni mwa waliokosa. Kaeni basi niwaeleze, na wewe Nakijwa weka simu chini.

Wakati huo mtaa wetu haukuwa na mfereji wa maji ya mvua hata mmoja. Watu walikuwa wameanza kujenga kwa wingi huku juu mlimani. Nyasi zikaondoka, mabati yakaja, nyua zikamwagiwa saruji, nasi tukajiona tumeendelea. Chini kabisa, barabara inapoishia, aliishi Bi Namkunda, mjane aliyeshona sare za shule. Nyumba yake ya matofali mabichi ilitangulia zetu zote. Alipoijenga, maji ya mvua yalikuwa yakiishia majanini kabla ya kumfikia.

Bi Namkunda alikuwa na tabia yake. Kila baada ya mvua kubwa aliokota vitu vilivyoletwa na maji hadi kwake, akaviosha, akavianika, kisha akapanda mlima na kapu akivirudisha nyumba kwa nyumba. Sufuria, mpira wa mtoto, kandambili, chochote. Kwao alifunzwa kwamba kitu cha mtu ni amana, hata kikiletwa na mafuriko. Mimi alinirudishia mwiko wangu mara mbili. Nilimshukuru kwa moyo wote, nikampa na ndizi, akaenda zake. Sikumuuliza mwiko wangu ulifikaje kwake. Hata leo nikikumbuka naona haya.

Masika ya mwaka mmoja yakaula msingi wa nyumba yake. Fundi aliukagua ukuta wa upande wa juu, akamwambia ahame mapema, kwa maana hautavuka masika mengine. Ahamie wapi? Cherehani yake ilikuwa ndani ya nyumba hiyo, na mumewe alizikwa nyuma yake.

Ndipo halmashauri ya mji ikatuma bwana mmoja kuzungumza nasi. Alisema mji uko tayari kutujengea mfereji, lakini mfereji hujengwa mara moja na husafishwa kila mwaka, kwa hiyo kila nyumba itachangia ada ya kila mwezi. Ada itapimwa kwa ukubwa wa paa na saruji ya ua, kwa sababu hapo ndipo maji yanapokosa pa kuzama. Tukikubali, kazi ianze. Tukikataa, atapeleka mfereji mtaa mwingine.

Tukakutana uwanja wa shule. Mzee Mbonea akasimama wa kwanza. Huyu alikuwa na karakana ya mbao, na paa lake lilishinda yote mtaani. Msidhani alikuwa mtu mbaya. Alikwisha kuwalipia karo watoto wengi wasio wake. Alisema kwa upole kwamba mvua ni ya Mungu, haitozwi ada. Nyumba yake haijawahi kuingia maji. Wachange walio bondeni, naye atawasaidia kwa sadaka. Tukatikisa vichwa kukubali, na changu kilikuwamo. Wengi wetu tulikaa juu.

Mvua ilikuwa imenyesha juzi yake, kwa hiyo Bi Namkunda alikuja mkutanoni na kapu lake. Akatoa kandambili moja ya bluu, iliyofungwa kamba kwa waya, akaiweka miguuni pa Mzee Mbonea.

"Baba Elinami, hii ni yako?"

"Ni yangu. Ahsante sana, mama. Nimeitafuta tangu juzi."

"Uliiacha wapi?"

"Barazani pa karakana."

"Nimeikuta chini ya cherehani yangu."

Bi Namkunda akatugeukia sisi sote.

"Miaka sita nawarudishia kila kilicho chenu," alisema, "na hakuna aliyeninyima shukrani. Kitu kimoja tu nimeshindwa kukipandisha mlima huu. Maji yenu."

Akaketi. Mzee Mbonea akainama, akaiokota ile kandambili.

"Juzi yalilala wapi, mama?"

"Kitandani kwangu. Mimi nililala juu ya meza ya kukatia nguo."

Yule mzee akamwambia bwana wa halmashauri amwandike wa kwanza, na akipima paa asisahau kibanda cha kukaushia mbao. Baada ya hapo nani angepinga? Mfereji ukakamilika kabla ya masika. Aliyeweka tangi la kukinga maji ya paa alipunguziwa ada. Mzee Mbonea aliweka mawili, na bado alilipa kuliko sote, wala sikumsikia akinung'unika.

Mvua kubwa ya kwanza iliponyesha, Bi Namkunda hakupanda. Tukateremka sisi. Ukuta ulikuwa umesimama, umezungushiwa mawe chini, naye yuko kwenye cherehani. Mzee Mbonea akapiga hodi na kumuuliza maji yamelala wapi. Alicheka, akasema yamepita mferejini, hata hakuyasikia. Akatupikia chai. Mimi nilimpelekea ule mwiko, nikamwambia sasa ni wake. Mungu amrehemu, alitufundisha kushukuru.

Sasa, Nakijwa. Mfereji mbele ya geti letu umejaa majani tangu wiki iliyopita, nasi tumeupita kila siku. Mfuniko wako haukutembea wenyewe mpaka kwa jirani. Chukua koleo uanze hapo getini, kisha uteremke ukamsalimie yule mama jirani aliyekurudishia. Unajua la kumuuliza.

Ukirudishiwa kandambili, uliza maji yalilala wapi.